Watani Walioko Ndani ya Damu

Jumatano ya tarehe tisa mwezi wa tatu, asubuhi, tulimpoteza Holo, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alifia Usevya, kwa mume wake, bakuli la uji likiwa bado na joto pembeni yake. Mimi nilikuwa Mwamkulu nafukuza ndege kwenye mpunga. Jirani yangu ndiye aliyekuja mbio na simu.

Naanza na hilo kwa sababu nyie vijana wa maabara mmeniomba niandike uzoefu wangu, na najua mnachokitaka. Mnataka vichekesho vya enzi za kupaka slaidi kwa mkono, mvicheke huku mashine yenu inahesabu chembe za damu yenyewe na kuwatolea karatasi. Vichekesho vipo, nitawapa. Lakini sitawapa bila Holo.

Kwanza mnijue. Mimi Nkwabi sikuwa daktari. Sikuwa hata fundi sanifu wa maabara. Nina darasa la saba, na niliajiriwa hospitali ya mjini Mpanda kuosha vioo. Nikaosha vioo, nikafundishwa kupaka damu, nikafundishwa kuipiga rangi, nikafundishwa kuangalia kwenye hadubini. Nilipostaafu nilikuwa naangalia slaidi za malaria vizuri kuliko wengi wenye vyeti, lakini kwenye karatasi za serikali nilibaki mhudumu. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kingine, nitakifikia.

Aliyenifundisha ni Sarafina, mkuu wetu wa maabara, Mfipa. Mimi Msukuma, baba yangu alikuja huku na ng'ombe zake. Kwa hiyo mimi na Sarafina tulikuwa watani tangu siku ya kwanza, na kama hujafundishwa kazi na mtani wako, basi hujafundishwa. Mwalimu wa kawaida anakosoa, unanuna, yanaisha. Mtani anakukosoa mbele ya wagonjwa, na huruhusiwi kununa.

Wiki yangu ya kwanza alinipa slaidi sita za damu nizikaushe. Nikazipanga vizuri dirishani, kwenye upepo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, vioo vilikuwa safi. Sisimizi walikuwa wamekula damu yote, wameacha alama kidogo pembeni. Nikasimama pale nimeshika kioo kitupu. Sarafina akatoka nje, akawatangazia wagonjwa sita waliokuwa kwenye benchi.

"Jamani, majibu yenu yametoka. Nyie mko wazima. Wanaoumwa malaria ni sisimizi. Huyu Msukuma amewapima."

Wakachomwa tena vidole, sita wote. Mama mmoja aliniambia, "Baba, safari hii kaa nayo hapohapo uilinde." Tangu siku hiyo nilikausha slaidi ndani ya sanduku lenye wavu, na miguu ya sanduku nikaitumbukiza kwenye makopo ya maji. Fanyeni hivyo hata leo. Mashine yenu umeme ukikatika mtarudi kwenye kioo, na sisimizi hawajastaafu.

Sasa nieleze juu ya koti. Tulipewa makoti meupe. Ukivaa koti jeupe Mpanda, wewe ni dokta. Sokoni ni dokta, msibani ni dokta, kwenye duka la Mzee Salumu la vitenge ni dokta, na anakuwekea kiti. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Hapana, mimi ni mhudumu." Watu walikuwa wanasikitika, kana kwamba nimewapunguzia kitu. Nikapunguza kusema. Halafu nikaacha. Sikusema uongo, niliacha tu kusema ukweli, na nilikuwa naiona hiyo ni tofauti kubwa.

Sarafina aliiona mapema. Siku moja alinikuta nimesimama mlangoni na familia moja kutoka Kasekese. Kijana wao alikuwa na homa, na chembe zake nyeupe zilikuwa nyingi mno. Baba yake akaniuliza maana yake nini. Nikamjibu kwa sauti ya koti, "Askari wa mwili wake wameongezeka sana. Kinga yake iko juu." Wale watu wakashukuru Mungu. Wakapiga simu nyumbani. Kesho yake nilisikia kwamba Kasekese wamechinja mbuzi kwa kuwa kinga ya kijana imepanda. Kijana alikuwa na jipu tumboni. Alipasuliwa siku ileile, akapona, mbuzi akawa ameliwa kwa sababu isiyokuwepo.

Sarafina hakuniambia lolote mbele yao. Alisubiri umeme ukatike. Umeme ulipokatika, na hadubini ikawa haina taa, alinikalisha kwenye stuli.

"Dokta Nkwabi," akasema. Alikuwa ananiita hivyo akitaka kuniumiza. "Hebu niambie. Askari wakiwa wengi, nyumba iko salama?"

"Iko salama."

"Kwa nani? Nani anawaambia basi, inatosha?"

Nikaanza kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

"Hujui. Lakini Kasekese wamekula mbuzi."

Alikuwa ametoka semina ya wiki mbili, amerudi na makaratasi. Akachukua daftari la zamani, akanichorea. Nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu nimesikia maelezo mengi baada ya hapo, hata ya madaktari, na hakuna aliyeniingia masikioni kama yule Mfipa.

Ndani ya damu na nyama yako, alisema, kuna chembe za kupigana. Baadhi zinaitwa seli T. Zinakomaa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko zinapimwa, zile zinazotaka kuupiga mwili wenyewe zinauawa. Lakini hakuna mtihani usiovujishwa. Chache zinapita, zinatoka nje, zinazunguka mwilini na hasira zake. Unazo wewe, ninazo mimi. Kila siku kuna chembe ndani yako inayoona figo yako na kusema, huyu mgeni, tumpige.

"Mbona hatufi?" nikauliza.

"Kwa sababu kuna watani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Zipo seli T nyingine," akasema, "zimetoka kwenye tezi ileile, ni ndugu wa hao hao wapiganaji. Kazi yake ni kutuliza. Wazungu wanaziita kwa jina lao, mimi naziita watani. Wewe umeona msibani kwenu. Vijana wamekasirika, wanataka kumpiga mtu, nani anaingia katikati?"

"Mtani."

"Polisi je?"

"Polisi yuko mjini."

"Ndiyo hivyo. Mtani yuko palepale."

Hilo alilisisitiza, nami nalisisitiza. Watani hawa hawakai makao makuu wakatuma amri. Wanakaa ndani ya nyama yenyewe, kwenye ngozi, kwenye utumbo, kwenye vituo vidogo vya kinga unavyovisikia shingoni na kwapani ukiumwa. Mpiganaji akianza kuamka, wanamkusanyikia pale pale anapoamkia. Hawazuii asiamke. Anaamka, anaanza kelele, wanamzunguka.

Halafu wanafanya nini? Sarafina akainua vidole. Kwanza wanakula. Mpiganaji akiamka anahitaji chakula fulani, kitu kinachomwagwa pale ili aongezeke, awe wawili, wawe mia. Watani wana midomo mingi ya chakula hicho kuliko yeye. Wanakifyonza chote. Anabaki na hasira na njaa, na hasira ya njaa haifiki mbali.

"Kama nyie Wafipa kwenye ubwabwa wa msiba wetu," nikasema.

"Kama sisi kwenye ubwabwa wenu," akakubali. "Tunaumaliza ili msipate nguvu ya kugombana."

Pili, wanamwendea mpeleka habari. Kuna chembe kazi yake ni kuokota kipande cha adui, kukishika juu na kuonyesha. Lakini ili mpiganaji aamini, mpeleka habari anatakiwa awe na alama ya ruhusa begani. Watani wanamkumbatia, wanaivua alama, wanaimeza. Habari inabaki, ruhusa haipo. Tatu, wanamwaga maneno ya upole, yaani kemikali za kutuliza, na majirani wote wanapoa.

Akaniambia kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa bila watani hawa. Kinga yao iko juu sana, hakuna wa kuiambia basi. Inakula ngozi yao, inakula utumbo, inakula kiungo kinachotunza sukari. Wengi hawafiki mbali.

"Hao wachinjiwe mbuzi?" akaniuliza.



Lakini hakutaka nione watani ni malaika, maana anawajua, yeye mwenyewe ni mmoja. Saratani inawahonga, alisema. Inawaita waizunguke, wanawatuliza wapiganaji, nayo inaendelea kukua kwa amani. Halafu upande wa pili, mama mjamzito. Mtoto tumboni nusu ni wa ukweni. Damu ya mama ingeweza kumwona kama mgeni na kumfukuza. Watani wanakaa pale kwenye mji wa mimba wanasema, huyu ni wetu, mwacheni.

"Kwa hiyo wewe Msukuma," akamalizia, "ulizaliwa kwa sababu mtani aliingilia kati. Ungekuwa na adabu ungenishukuru."

Nikamshukuru. Umeme ukarudi.

Jambo moja la kikazi, na mlishike. Mimi watani hawa sijawahi kuwaona. Nimeangalia damu miaka yote ile na sijawaona hata mara moja. Kwenye hadubini yetu, limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ambayo seli T zimo, ni duara la zambarau lenye kiini kikubwa, na zote zinafanana, mpiganaji na mtulizaji. Kuwatofautisha kunataka mashine ambazo mkoa wetu wa Katavi hauna. Alikuja kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akawaambia wageni waliotutembelea kwamba yeye anawatambua kwa macho. Sarafina akamwambia, "Njoo hapa mwanangu. Nionyeshe Mfipa hapo." Kijana akaangalia hadubini, akahangaika, akanyoosha kidole. "Huyo ni vumbi," Sarafina akasema. Kusema hujui, au hujaona, ni sehemu ya kazi kama kuosha kioo. Nilijua hilo vizuri sana ndani ya maabara. Nje, nikiwa na koti, nilikuwa nalisahau.

Sasa Holo.

Alianza na viungo. Vidole vinavimba asubuhi, hawezi kufunga khanga. Halafu upele usoni, mashavuni na juu ya pua. Halafu miguu kujaa. Walimpima malaria mpaka wakachoka, alitibiwa taifodi mara ngapi sijui. Mwisho nikampeleka hospitali kubwa ya mbali, na daktari wa kule akatuambia ni lupasi. Kinga yake inaupiga mwili wake mwenyewe, imefika kwenye figo. Akampa vidonge vya kutuliza kinga. Akatuambia wote wawili, mimi nikiwepo, nikisikia: asiviache ghafla, hata akijisikia mzima. Akiviacha ghafla, anaweza kufa.

Niliporudi nilimweleza Sarafina, aliyekuwa anamfahamu Holo. Alikuwa ameshastaafu, anauza mbogamboga nyumbani kwake. Akasema, "Watani wake wamezidiwa. Hivyo vidonge vinashika nafasi yao. Nenda kawaambie wakwe zake vizuri, maana huko hawajui." Nikasema nitaenda.

Vidonge vilimfaa. Miguu ikapungua, akapanda mpunga msimu ule. Lakini uso ulivimba ukawa wa duara, ndivyo vidonge vile vinavyofanya, na watu wa Usevya wakaanza kuuliza. Na mjini, kwenye stendi, kulikuwa na gari lenye spika. Lile gari mnalijua, mmelisikia. "Kinga juu! Kinga juu! Sukari, presha, kiuno, kinga juu!" Maji ya kijani ndani ya chupa ya plastiki. Yule muuzaji alikuwa na picha kubwa ya askari wamevaa mabuti wanakanyaga wadudu. Nilipita pale kila siku ya soko, na ninayajua yote niliyofundishwa na Sarafina, na sikuwahi kumwambia kitu. Aliniita dokta. Alinisogezea kivuli cha mwavuli wake.

Shemeji yangu Deo, mume wa Holo, akanunua chupa. Sina ubaya na Deo. Alitaka mke wake apone, na lile gari lilikuwa na sauti kubwa kuliko mimi.

Nilienda Usevya mwezi wa pili, na lori la mtu aliyekuwa anafuata mpunga. Nilivaa koti langu la zamani. Sina sababu nzuri ya kuwapa, nilikuwa nimeshastaafu. Nililivaa kwa kuwa Usevya walikuwa hawajaniona bila koti.

Walinipokea kama mkuu wa wilaya. Mama yake Deo alinichinjia kuku. Majirani wakaja. Holo akatoka ndani, nikaona uso wake umepungua, umerudi kuwa uso wa Holo. Nikafurahi. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Mtu wa maabara angejiuliza kwa nini uvimbe umeisha. Uvimbe ulikuwa wa vidonge. Ukiisha, maana yake vidonge vimeachwa. Nilikuwa najua hilo kama ninavyojua sisimizi na damu. Sikuuliza.

Chupa ya kijani ilikuwa juu ya stuli, katikati yetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kanisani.

Tulipomaliza kula, mama yake Deo akanawa mikono, akasema mbele ya wote, "Dokta, wewe umekaa na damu za watu maisha yako yote. Hebu tusaidie, maana hapa tunabishana. Kinga ya mtu ikipanda, ni vizuri au ni vibaya?"

Watu kama kumi na tano wakanigeukia. Holo alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, ananiangalia. Sasa hivi najua alikuwa ananiangalia kwa nini. Alikuwa anataka nimsaidie. Yeye alisikia maneno ya daktari yule kama mimi, lakini mke wa mtu hawezi kubishana na mama mkwe juu ya dawa aliyonunua mume.

Jibu refu nilikuwa nalo. Lilikuwa la kuanzia kwenye tezi, kupita kwa watani, mpaka kwenye figo zake, na lingemalizikia kwa mimi kusema, "Mama, mimi si daktari, lakini daktari alisema hivi." Nikalipima jibu hilo, nikaona litaharibu chakula. Nikasema, "Vizuri."

Neno moja. Watu wakapiga makofi. Mama yake Deo akasema, "Umesikia wewe Holo? Kaka yako huyo." Holo akainamisha kichwa.

Nilikusudia kumwita pembeni. Dereva akapiga honi, mawingu yalikuwa yanakuja, barabara ile mvua ikiinyeshea hutoki. Holo alinisindikiza mpaka kwenye lori akitembea kwa kuchechemea. Nikamwambia, "Nikirudi tutaongea vizuri." Akasema, "Sawa kaka. Koti lako limepauka."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na yalikuwa ya utani, na yalikuwa ya kweli.

Hazikupita wiki tano, nikapata habari za kifo.

Tulifika Usevya siku ya pili yake, mchana, mimi na kaka zangu na vijana wa ukoo, na Sarafina. Yeye hakualikwa, mtani haalikwi. Alikuja na ungo kichwani na koti la marehemu mume wake amelivaa nyuma mbele. Njia nzima alikuwa anawatukana kaka zangu: kwamba wangefiwa na ng'ombe wangelia kwa sauti kubwa zaidi. Kaka yangu mkubwa, Shija, hakuwa anamjibu, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Mtani asipojibiwa, kuna kitu.

Shija alikuwa amesikia habari ya chupa. Alikuwa ameshasikia pia kwamba vidonge viliachishwa. Alichokuwa hajasikia ni neno langu.

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba. Tulishusha jeneza. Kabla udongo haujarudishwa, Shija akasema kwa sauti, "Nani alimwachisha dawa?" Deo alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, hakuinua uso. Shija akauliza tena. Mama yake Deo akasema, "Sisi tulimpa dawa ya kuongeza kinga. Tuliuliza." Shija akasema, "Mlimuua." Vijana wetu walikuwa na fimbo, vijana wa Usevya walikuwa na makoleo na majembe, maana ndio waliochimba kaburi. Wakaanza kusogeleana pale kwenye kaburi la dada yangu, na nilisikia mtu akisema, "Leo tutazika wawili."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati na nimenyamaza. Ningekufa kwa kunyamaza.

Sarafina akatupa ungo chini. Akapita kati ya fimbo na majembe akitembea kama Holo, vile alivyokuwa anachechemea, mkono mmoja kiunoni, vidole vimekunjika haviwezi kufunga khanga. Alimwigiza sawasawa, mpaka wanawake wakaguna, mmoja akacheka kabla hajajizuia. Akaenda akakaa juu ya rundo la udongo. Akakaa kabisa, miguu mbele.

"Haya," akasema. "Fukieni tuone. Mtanifukia na mimi."

Kijana mmoja wa Usevya akasema, "Mama, toka hapo."

"Sitoki. Wewe umeshika jembe vibaya, utajikata mguu halafu useme umerogwa na Wafipa." Akamgeukia Shija. "Na wewe, fimbo ya kuchungia ndama hiyo. Leta hapa." Akanyoosha mkono. Shija akabaki ameishika. Sarafina akabaki amenyoosha mkono, na kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akampa fimbo. Mtani akikuomba kitu msibani huwezi kumnyima. Akaiweka chini ya makalio yake akaikalia. Akamwomba yule kijana jembe. Akapewa. Akalikalia.

Halafu akanigeukia mimi. Akanyanyua kola ya lile koti lake la nyuma mbele, akakohoa, akasimamisha shingo, akawa mimi. Wale waliokuwepo siku ya kuku walinitambua mara moja.

"Mimi dokta Nkwabi," akasema kwa sauti yangu. "Nimekula paja. Niulizeni."

Nilikuwa nimemweleza yeye peke yake, siku ya Jumatano, nikilia kwenye meza yake ya mchicha.

Hakuendelea. Akaniangalia, na wote wakaniangalia. Angeweza kulimaliza yeye, lakini aliliacha mdomoni mwangu.

Nikavua koti. Nikasema, "Mama huyu aliniuliza mbele ya watu, kinga ikipanda ni vizuri au vibaya. Nilikuwa najua dawa ya Holo ni ya kutuliza kinga. Nilikuwa najua akiiacha atakufa. Nikasema vizuri. Mimi si daktari. Nilikuwa naosha vioo."

Shija alinigeukia. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Alikuwa hana fimbo. Fimbo ilikuwa chini ya Mfipa. Akakaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa kofia yake, akaanza kulia, na Deo naye, na kelele zikawa ni za kilio tu.

Mama yake Deo alikuja mpaka mbele yangu. Akafungua fundo la khanga yake. Ndani kulikuwa na vidonge vya Holo kwenye bahasha yake ya hospitali, imekunjwa vizuri. "Sikuvitupa," akasema. "Nilisema nitamuuliza dokta kwanza." Akanipa mkononi, akarudi kwa wanawake.

Sarafina akainuka kwenye udongo, akajipangusa. Akaniangalia nilivyosimama na koti mkono mmoja na bahasha mkono mwingine. Akachukua koti, akalitandika chini, akapigia magoti juu yake kuokota koleo, maana magoti yake ni mabovu siku hizi. Akanipa koleo.

"Anza wewe, muosha vioo," akasema.

Nikatia bahasha mfukoni, nikaanza.